Jibu Lenye Muhuri

Kwa miaka tisa Népomuscène alifundisha somo la mwendo wa maji katika taasisi ile ya ufundi, na kwa miaka tisa alitoa mtihani uleule. Tusimwonee, alikuwa akiubadilisha. Mwaka huu swali la pili lilihamia mahali pa swali la tano, mwaka uliofuata bomba la shule likageuka bomba la zahanati. Ila tarakimu hazikuguswa. Kugusa tarakimu ni kupiga hesabu upya, na majibu, yaani corrigé, yalikuwepo tayari, yamelala kwenye bahasha ya kaki ndani ya kabati la chuma, yameandikwa kwa mkono wa Profesa Fortunat na kugongwa muhuri wa idara kila ukurasa.

Muhuri ule ndio uliokuwa na mambo. Bujumbura, karatasi isiyo na muhuri ni karatasi tu, hata iwe imeandikwa na malaika. Ikishagongwa, hakuna wa kuiuliza kitu. Siku Fortunat alipopandishwa kuwa mkuu wa idara, alimkabidhi Népomuscène ufunguo wa kabati mbele ya mashahidi wawili, akamweleza kazi yenyewe kwa ufupi: jibu la mwisho likifanana na la bahasha, unatoa alama, lisipofanana, sifuri. Kusahihisha kukawa ni kulinganisha. Népomuscène alikuwa na macho mazuri, na kwa siku moja aliweza kumaliza karatasi mia na bado akawahi kunywa kitu na wenzake kabla ya jua kuzama.

Mwezi wa tano ikaja barua. Wanafunzi sitini na wanne wa mwaka wa tatu walikuwa wametia saini wakiomba kitu kimoja: mitihani ya miaka iliyopita itolewe pamoja na majibu na hatua zake, ili mtu aliyekosea ajue amekosea wapi. Barua haikuwa na tusi hata moja. Aliyeileta alikuwa mjumbe wa darasa, msichana wa Buterere aitwaye Sumaya, mwembamba, mwenye hijabu ya kijani na tabia moja iliyowachosha walimu: alisubiri mpaka umalize kusema, kisha akauliza tena swali lilelile aliloanza nalo.

Idara ikakaa kikao.

"Mukiwapa majibu, watayakariri," alisema Profesa Fortunat. "Mutoto atapata kumi na nane, na hajui maji inapita wapi. Corrigé ni ya mwalimu."

Mwalimu mmoja kijana akathubutu kusema kwamba kwingine wanatoa na hakuna kilichoharibika. Fortunat aligeuza kichwa. Alimtazama tu, mpaka kijana akakumbuka kwamba mkataba wake ni wa mwaka mmoja. Hapo Népomuscène akanyanyua mkono na kumuunga mkono Profesa kwa maneno yaliyonyooka, akataja heshima ya mtihani, akataja juhudi ya mtu binafsi, na kwa sababu alisema vizuri akapewa kazi ya kuandika barua ya kukataa. Aliiandika kwa sababu tatu zilizopangwa kwa namba. Sababu yake mwenyewe hakuiweka. Majibu yakitoka, itabidi atunge maswali mapya, na kutunga swali ni kulitatua, na yale ya kwenye bahasha hakuwahi kulitatua hata moja tangu ashike ufunguo.

Mtihani ukafanywa, matokeo ya muda yakabandikwa Jumatatu moja ya mwezi wa saba. Sumaya alikuwa na nane juu ya ishirini, na kupita ni kumi.

Nane ile haikuwa jambo dogo. Mwaka uliotangulia maji yaliingia Buterere wiki ya mitihani, na yeye na mama yake walishinda wakibeba magodoro juu ya vichwa badala ya kusoma, hivyo alikuwa akirudia mwaka. Sheria ya taasisi ilijulikana na kila mtu: anayeanguka mwaka wa tatu mara mbili anatoka na harudi. Mabaraza ya kuamua yalipangwa Ijumaa. Mtu akiona ameonewa, alikuwa na haki ya kulalamika kwa maandishi kabla ya hapo.

Jumanne asubuhi Sumaya alibisha mlango, ameshika karatasi ya malalamiko.

"Mwalimu, naomba munionyeshe swali la ine."

"Karatasi yako si umeiona?"

"Nimeiona. Kuna zéro na mustari mwekundu. Mi naomba kuona kosa."

"Kosa ni jibu lenyewe. Umeandika lita mia tatu arobaini na tisa kwa sekunde. Jibu ni mia mbili sabini na tano."

"Inatoka wapi?"

"Kwenye corrigé."

"Nauliza hesabu yake, Mwalimu. Inatoka wapi?"

Népomuscène akamweleza kwamba kanuni haziruhusu, kwamba barua ya idara ilieleza mambo hayo vizuri, na kwamba mjumbe wa darasa alipaswa kuwa wa kwanza kuzijua. Alisema kwa urefu. Sumaya akangoja mpaka mwisho.

"Ile caniveau ya kwenye swali," akasema, "iko na kifuniko?"

Mwalimu akalisoma swali, ingawa alilijua kwa moyo. Mtaro wa wazi, upana sentimita sitini, maji yamefika kimo cha sentimita arobaini. "Ni wa wazi."

"Bon. Maji inagusa chini. Inagusa ukuta wa huku, inagusa ukuta wa huku. Juu inagusa hewa. Kwetu caniveau iko mbele ya mulango, naiangalia kila mvua. Mi nilihesabu sehemu tatu. Ju ya kupata mia mbili sabini na tano, lazima uhesabu ine, kama vile kuna kifuniko na maji inakisugua."

"Umejuaje hivyo?"

"Tangu jana niko natafuta kosa yangu. Nikaiweka kifuniko, ikatoka mia mbili sabini na tano sawasawa." Akaiweka karatasi ya malalamiko mezani. "Na ile jibu, Mwalimu, musizani hatuijui. Inauzwa Nyakabiga kwa watu wa photocopie, promotion yenye inamaliza inaachia yenye inaingia. Darasa muzima iko nayo."

"Na wewe?"

"Nami iko nayo."

"Sasa kwa nini hukuiandika?"

"Ju sikuielewa," alisema Sumaya, na ilionekana hakuona kwamba amesema jambo la ajabu.

Alipotoka, Népomuscène alikaa akiitazama ile karatasi. Alitaka kukasirika na hasira haikuja. Akavuta karatasi nyeupe, akachora mtaro, upana sitini, kimo arobaini. Sakafu na kuta mbili: mita moja na sentimita arobaini. Akafuata kanuni anayoifundisha kila mwezi wa pili, mstari kwa mstari. Ikatoka mia tatu arobaini na tisa. Akarudia. Akarudia mara ya tatu kwa kikokotoo cha simu, pengine mkono umemdanganya. Ndipo akafungua kabati, akatoa bahasha, akasoma kwa mara ya kwanza si jibu bali hatua zilizolitangulia. Ilikuwa pale, kwa wino wa buluu uliopauka, mstari wa pili: sitini mara mbili, arobaini mara mbili, jumla mita mbili. Profesa aliuwekea mtaro kifuniko. Na pembeni yake muhuri, mviringo, umekolea vizuri.

Akaisoma tena ile mia mbili sabini na tano. Si kwa ajili ya Sumaya peke yake.

Miaka kumi na tisa nyuma, Népomuscène mwenyewe alikaa kwenye darasa lile, Fortunat akifundisha, dawati la tatu kutoka mlangoni, na mwenzake wa dawati aliitwa Amissi, mtoto wa fundi wa Cibitoke. Kaka mmoja wa mwaka wa juu alimwachia Népomuscène karatasi ya majibu, naye, kwa kuwa walikuwa marafiki wa kweli, akamwonyesha Amissi. "Andika mia mbili sabini na tano, muzee anaipenda ile," alimwambia. Amissi akakataa. Alisema haandiki kitu asichokielewa. Aliandika mia tatu arobaini na tisa mwezi wa saba, akapata sifuri kwenye swali lile na tisa kwenye somo zima. Alikuwa akirudia mwaka, naye. Siku zile bado kulikuwa na mtihani wa pili mwezi wa tisa; wakampa, swali lilelile, na kichwa kigumu yule akaandika tena mia tatu arobaini na tisa. Wakamtoa. Népomuscène alikuwa wa kwanza darasani. Fortunat akamshika mkono, akamfanya msaidizi wake, na ndivyo alivyoanza njia iliyomfikisha kwenye kiti alichokalia sasa.

Alitoa mafungu ya karatasi za miaka yake tisa yaliyofungwa kwa kamba za katani, akaanza kupekua swali la nne tu. Mpaka saa kumi alikuwa amepata watu thelathini na mmoja walioandika mia tatu arobaini na tisa, pamoja na wanne wa mwaka huu. Kila mmoja alikuwa na mstari mwekundu, na mstari ulikuwa wake yeye, aliujua ulivyopinda mwishoni. Wale mamia walioandika jibu la Nyakabiga walikuwa na alama zao tano kamili.

Jumatano asubuhi alikwenda ofisini kwa Profesa Fortunat. Hakujua aanze vipi, basi akamwekea karatasi mbili mezani, ya zamani na mpya. Mzee alivaa miwani. Hakuwa mjinga hata kidogo; kidole chake kilikwenda moja kwa moja kwenye mstari wa pili na kikabaki hapo.

"Mwaka ule wa vita tulikuwa walimu watatu," alisema. "Watatu kwa taasisi nzima. Wengine walikimbia, wengine walikufa. Niliandika corrigé za masomo manne kwa wiki moja, na bougie, umeme hakuna." Akavua miwani akaifuta. "Na hakuna mutu aliniambia kitu. Miaka yote hii."

"Hakuna aliyeonyeshwa, Muzee."

Fortunat alimtazama haraka, kisha akaamua kwamba hakusikia. Akafunga mlango.

"Sikiliza. Huyo binti mupe alama zake tano. Andika kama ni kosa la kujumlisha, mambo kama hayo yanatokea. Leo utatengeneza corrigé mupya, utaniletea, nitaigonga cachet mwenyewe. Bahasha inabaki bahasha. Mwezi wa kumi na mbili naenda retraite. Faili yako ya kupandishwa iko hapa kwa meza yangu, unaiona? Nani ataumia?"

Na niseme ukweli: Népomuscène alifurahi. Alishuka ngazi amepungukiwa mzigo. Mambo yalikuwa yamepatiwa dawa, binti atapita, mzee atastaafu na heshima yake, na yeye atapata cheo alichokisubiri miaka minne. Alimkuta Sumaya chini ya veranda ya maktaba, akamwambia kwa sauti ya mtu anayetoa zawadi kwamba malalamiko yake yamekubaliwa. Ana kumi na tatu. Kulikuwa na kosa la kujumlisha.

Alitegemea ashukuru.

"Alhamdulillah," alisema Sumaya. "Lakini si kujumlisha, Mwalimu. Na wengine?"

"Wengine gani?"

"Wenye waliandika kama mi. Mwaka huu tuko wane. Prodige naye anarudia, Ijumaa wanamutoa. Na wa zamani?"

"Sumaya, wewe umepita. Nenda nyumbani kamwambie mama yako."

"Nitamuambia. Na wa zamani, Mwalimu?"

Alimkasirikia. Alirudi ofisini akibamiza mlango, akimwita binti yule moyoni mwake mtu asiyejua kupokea. Akaketi aandike jibu jipya la bahasha. Aliliandika likakamilika, safi, sehemu tatu tu za mtaro, mia tatu arobaini na tisa mwishoni, limebaki kugongwa. Kisha akafungua daftari la alama mahali pa Sumaya, akaandika "kosa la", na neno lililofuata likamshinda.

Wale thelathini na mmoja angeweza kuishi nao. Ilikuwa aibu, lakini kwake walikuwa majina, na majina mtu huyafungia kabatini. Amissi hakuwa jina. Amissi alikuwa mtu aliyemgawia nusu ya mkate wake kila asubuhi mwaka ule mzima, akaondoka siku ya matokeo bila kulia, amebeba madaftari yake kwenye mfuko wa mchele. Walikuwa hawajagombana. Waliacha tu kutembeleana, na kila walipokutana kwenye msiba au harusi waliulizana habari za watoto. Népomuscène aliona haya siku zote, akidhani anaona haya kwa sababu yeye amefaulu na mwenzake ameanguka. Sasa alijua haya ile ilikuwa na sababu nyingine, na kwamba akiandika neno lile moja kwenye daftari hataweza tena kusema hakujua.

Alhamisi saa mbili asubuhi, wakati uwanja umejaa, alibandika karatasi tatu kwenye ubao wa matangazo, ule wanaouita valves. Ya kwanza ilikuwa swali. Ya pili ilikuwa nakala ya jibu la bahasha pamoja na muhuri wake, na sehemu ya nne ya mtaro amezungushia duara. Ya tatu ilikuwa hesabu sahihi, hatua zote. Chini yake aliandika kwamba kila aliyeandika mia tatu arobaini na tisa, mwaka wowote, alikuwa sahihi, kwamba kwa miaka tisa aliyewapa sifuri ni yeye, na kwamba hakufanya hivyo kwa kupima, alifanya kwa kulinganisha. Akatia saini. Muhuri hakuomba.

Watu walisogea. Mwanzoni walisoma, kisha simu zikatolewa. Mpaka adhuhuri picha zile zilikuwa zimefika Ngozi, Kigali na kokote waliko watu waliowahi kusoma pale. Mmoja alimpigia kutoka Uvira akimtukana kwa dakika kumi, naye akasikiliza zote. Mwingine alipiga akacheka tu, akacheka mpaka ikawa si kicheko, akakata.

Ijumaa baraza lilikaa. Sumaya akapita, Prodige akapita, na wawili wengine alama zao zikapanda. Kuhusu ombi la wanafunzi la kupewa majibu ya mitihani yote, iliamuliwa litajadiliwa mwaka ujao wa masomo. Fortunat aliongoza kikao chote bila kumtazama Népomuscène. Mwishoni, wakati watu wanakusanya karatasi, alipita karibu yake akasema kwa sauti ya chini, "Ungenipa miezi mitano tu." Faili la kupandishwa likarudishwa jioni ile likiwa na maelezo kwamba limepungukiwa karatasi moja. Karatasi gani, haikuandikwa.

Jumamosi asubuhi Népomuscène akaenda Cibitoke.

Karakana ya Amissi iko nyuma ya barabara ya lami, karibu na mafundi wa pikipiki. Anatengeneza matangi ya mabati na mifereji ya kukingia maji ya mvua, na kazi yake inasifiwa. Watu wanatoka mpaka Buterere kumtafuta. Alikuwa amenenepa, ndevu zimeingia mvi. Alimpokea mgeni kwa kumpa kiwiko, kwa sababu mikono ilikuwa na grisi, akamvutia kiti.

"Népo! Leo umepotea njia?"

"Nimekuja kukuona."

"Karibu. Acha nimalizie hii, mutu anaingojea."

Alipima bati kwa futi, akaandika vipimo kwa chaki juu ya bati lenyewe, akajumlisha, akagawanya, akazungushia duara jibu. Kisha akaweka chini chaki, akaita, "Waridi!" Mke wake akatoka kibandani na kikokotoo mkononi. Aliinama, akapiga hesabu yote upya kutoka juu mpaka chini, akatikisa kichwa kukubali. Hapo tu ndipo Amissi akachukua mkasi wa bati akaanza kukata.

"Bado unamusimamia, shemeji?" Népomuscène aliuliza kwa utani, akitafuta pa kuanzia.

"Tangu tuoane," alisema Waridi. "Huyu hawezi kukata bati mi sijaangalia. Hata niko na homa, ananiletea hesabu kwa kitanda. Anasema yeye hesabu haijui, njo maana walimufukuza masomo." Akacheka, akamtazama mumewe kwa mapenzi. "Na wallahi, shemeji, miaka kumi na sita, sijawahi kukuta kosa yake hata moja."

Akarudi kibandani. Népomuscène alitamani aombe maji, aseme ana safari, aondoke. Badala yake akatoa zile karatasi tatu mfukoni, akazikunjua juu ya benchi, akasema yote. Hakuruka kitu. Alisema bahasha, alisema kifuniko, alisema thelathini na mmoja. Alisema kwamba ile mia tatu arobaini na tisa, ya mwezi wa saba na ya mwezi wa tisa, zote mbili zilikuwa sahihi.

Amissi alisikiliza mkasi ukiwa bado mkononi. Kisha akauweka chini, akapangusa vidole kwenye suruali, akaishika karatasi ya tatu kwa ncha ili asiichafue. Aliisoma polepole, midomo ikitembea.

"We ulijua?" akauliza.

"Apana. Sikujua."

"Umeisahihisha miaka tisa."

"Miaka tisa."

"Na haukujua."

"Sikuangalia, Amissi."

Amissi akaitika kwa kichwa, kama mtu aliyetajiwa kipimo. Mtaani fundi mmoja aliwasha pikipiki, akaizima, akaiwasha tena. Walingoja mpaka ilipotulia.

"Baba aliniuliza ile siku," Amissi alisema. "Aliniuliza, mwanangu, walikuonea? Aliniambia, kama walikuonea nitaenda kuongea nao, mi siogope mutu. Nikamuambia apana, baba. Mi njo sina akili ya hesabu." Akaikunja karatasi mara moja, akaikunja tena. "Akaniamini. Alikufa anajua vile."

"Nisamehe," Népomuscène alisema. Machozi yalikuwa yamemjaa na hakuyaficha.

Amissi alimtazama yule rafiki yake bila ukali, akamtolea kitambaa kisafi mfukoni mwake akampa. Karatasi akaiweka kwenye mfuko wa shati. Kisha akaburuta bati jingine mbele yake, jipya, pana, la tangi la mtu wa Buterere, akalipima kwa futi huku na huku. Akaandika vipimo kwa chaki. Alijumlisha, akagawanya, akazungushia duara.

Alisimama akiliangalia lile duara. Népomuscène naye aliliangalia, na kwa mbali alisikia kiti cha Waridi kikisogezwa.

Mkasi ulikuwa umeshaingia kwenye bati.

"Amissi!" Waridi alitoka mbio na kikokotoo chake. "Amissi, ngoja, sijaangalia!"

"Najua," alisema Amissi, na akaendelea kukata mpaka mwisho wa bati.